Nta Iendayo Baharini, Asali Ibakiayo Chunguni: Historia ya Pombe ya Asali katika Nchi ya Kasaji

Kasaji ni mji mdogo wa eneo la Dilolo, katika jimbo la Lualaba la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliojengeka kando ya reli inayotoka Tenke na Kolwezi kuelekea mpaka wa Angola. Nchi inayouzunguka ni uwanda wa juu, unaozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, wenye misitu ya miyombo na mbuga za majani zinazojaa maji wakati wa mvua, na wakazi wake wengi ni Walunda, Wachokwe, Wandembu na Waluena, ambao upande wa Zambia hujulikana zaidi kama Waluvale. Jamii hizo zote zilirina asali tangu zamani, na kutokana nayo zikapika pombe, ile ambayo Wandembu huiita kasolu. Pombe hiyo iliweza kutengenezwa na kaya yoyote yenye mizinga michache porini, bila fedha na bila ruhusa ya mkubwa yeyote, jambo ambalo linahitaji maelezo, kwa kuwa katika sehemu nyingine za Afrika kinywaji cha asali kilikuwa cha heshima na cha gharama. Huko Ethiopia, kwa mfano, tej, yaani divai ya asali inayotiwa majani machungu ya mti wa gesho, ilihusishwa kwa karne nyingi na meza za wafalme na makabaila, huku mkulima akiridhika na tella, pombe yake ya nafaka. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba unafuu wa pombe ya asali ya Kasaji haukutokana na wingi wa nyuki peke yake. Ulitokana pia na soko la nta, kwa sababu nta ndiyo iliyosafiri hadi Bahari ya Atlantiki na kulipia kazi ya mzinga, na asali, isiyoweza kuifuata katika njia hiyo ndefu, ikabaki kijijini ikingoja matumizi.

Miyombo ni jina la jumla la misitu ya ukanda unaoanzia Angola na kupita kusini mwa Kongo, Zambia na Malawi hadi Tanzania na Msumbiji, ambamo miti ya jamii za Brachystegia na Julbernardia ndiyo iliyo mingi. Miti hiyo haichanui kwa wakati mmoja. Ile ya jamii ya kwanza hutoa maua mwishoni mwa kiangazi, mvua zikiwa zinakaribia au ndiyo kwanza zimeanza, na ile ya jamii ya pili huchanua mvua zinapokwisha, kwa hiyo nyuki hupata misimu miwili ya nekta na mrinaji hupata mavuno mawili kwa mwaka. Mbali na mizinga, watu walifuata pia makoloni ya porini katika mapango ya miti, mara nyingi wakiongozwa na mlembe, ndege anayewaita watu kwa mlio wake hadi penye nyuki ili naye ajipatie masega yatakayosalia, lakini asali ya namna hiyo ilikuwa bahati ya siku moja na isingeweza kuwa msingi wa biashara wala wa upikaji wa mara kwa mara.

Msingi ulikuwa mzinga wa gome. Daktari David Livingstone, aliyepita katika nchi ya Walunda mwanzoni mwa mwaka 1854 akielekea Luanda, na ambaye njia yake ilifika hadi Ziwa Dilolo, lililo upande wa Angola si mbali na mpaka wa leo, aliueleza utengenezaji wake kwa makini kiasi kwamba fundi angeweza kuufuata. Gome la mti hukatwa kwa kuzungushwa mahali pawili, palipoachana kwa kiasi cha mita moja na nusu, kisha hupasuliwa kwa urefu kutoka duara moja hadi jingine na kubanduliwa pole pole pande zote mbili mpaka litoke zima. Likiisha kutoka hujirudi lenyewe katika umbo lake la bomba, ndipo mpasuko hufungwa kwa vijiti na ncha mbili huzibwa kwa vifuniko vya kamba za majani zilizosokotwa, kimoja kikiwa na tundu la kupitia nyuki. Mzinga hulazwa juu ya mti mrefu, na mwenyewe huenda zake. Livingstone aliandika kwamba nta yote iliyouzwa ng'ambo kutoka Benguela na Luanda ilipatikana kwa njia hiyo, tena kwa kazi ya watu huru, na kwamba kipande cha dawa kilichofungwa shinani kilitosha kuwazuia wezi. Msafiri huyo hakuwa mwepesi wa kuzisifu dawa za waganga, kwa hiyo ushahidi wake juu ya usalama wa mizinga una uzito wake. Ulinzi huo ulikuwa na maana kubwa katika uchumi, kwa kuwa mtu angeweza kumiliki mizinga mingi, iliyotawanyika mwendo wa siku nzima kutoka kijijini, bila kumlipa mlinzi.

Biashara yenyewe ilipanuka katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwaka 1834 serikali ya Ureno iliacha kujihodhia biashara ya pembe za ndovu katika Angola, na mwaka 1836 ikapiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, marufuku iliyokiukwa kwa miaka mingi lakini iliyowafanya wafanyabiashara wa pwani watafute bidhaa nyingine za bara. Nta ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo. Makanisa ya Kikatoliki ya Ulaya na ya Brazili yalihitaji mishumaa ya nta safi ya nyuki kwa ajili ya altare, na viwanda na nyumba za matajiri zilihitaji nta kwa mambo mengine mengi. Wachokwe, ambao nchi yao ya asili ilikuwa kwenye chemchemi za mito mikubwa ya Angola ya kati, walikuwa hodari wa kuwinda na wa kurina, na kwa faida ya nta na pembe walinunua bunduki na nguo, wakaongeza watu katika koo zao na kusogea kaskazini na mashariki wakiifuata misitu mipya. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyevuka bara kutoka Unguja hadi pwani ya Benguela na kupita nchi yao mwaka 1875, aliiona miti mikubwa ikiwa imejaa mizinga, akaandika kwamba kwa nta watu hao walijipatia bidhaa zote za kigeni walizozitaka, na kwamba kwa asali walitengeneza kinywaji kikali ambacho, kwa maoni yake, hakikuwa kibaya hata kidogo.

Katika maneno hayo ya Cameron mgawanyo wa kazi kati ya nta na asali uko wazi, na sababu yake ni ya usafirishaji. Kutoka Kasaji hadi Benguela ni zaidi ya kilomita 1,000 hata kwa mstari ulionyooka, na mzigo wa mpagazi mmoja, yaani mtu wa kubeba kichwani au begani, ulikuwa wa kilo 30 hivi. Nta ikiisha kuyeyushwa na kugandishwa huwa mkate mgumu, hauvuji, hauozi, na thamani yake kwa kilo inastahili safari ya miezi. Asali ni nzito, inahitaji chombo kisichopasuka, ikinyonya unyevu huanza kuchacha, na huko pwani ilikuwa na wapinzani wengi, wakiwamo wenye sukari ya miwa. Kwa kadirio la kawaida la wafuga nyuki, kilo 1 ya nta hutoka pamoja na kilo kama 10 za asali, kwa hiyo mzigo mmoja wa nta ulioondoka kwenda Bihe, soko kuu la Waovimbundu lililounganisha bara na pwani, uliacha nyuma yake asali ya kilo 300 hivi. Hiyo ni hesabu ya karatasini, kwa maana sehemu ya asali huliwa hapo hapo chini ya mti na sehemu nyingine haitenganiki na masega, lakini hata ikipunguzwa kwa nusu inabaki asali nyingi kuliko ile ambayo kijiji kingeweza kuila na ugali wake.

Upikaji wa nta wenyewe uliielekeza asali hiyo kwenye chungu cha pombe. Masega yaliyoletwa kutoka porini yalikuwa mchanganyiko wa asali iliyoiva, asali changa, chavua ambayo nyuki huiweka kama akiba ya chakula, na majana, yaani watoto wa nyuki ambao hawajaota mabawa. Asali nzuri ilichujwa kwanza kwa kung'uto na kuwekwa kando. Masega yaliyobaki, ambayo bado yalikuwa yamelowa utamu, yalioshwa au kuloekwa katika maji ya vuguvugu, kisha yakachemshwa, kwa kuwa nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za selsiasi na kuelea juu ya maji, ambako hukamuliwa kupitia mfuko au majani na kuachwa igande. Maji yale ya kuoshea masega yalikuwa matamu. Kuyamwaga kungekuwa upotevu usiosameheka, na kuyahifadhi hakukuwezekana, maana baada ya siku moja au mbili huanza kutoa povu yenyewe. Pombe ya bei nafuu kabisa ilianzia hapo, katika maji ambayo gharama yake ilikwisha kulipwa na mnunuzi wa nta. Asali iliyochujwa iliongezwa kadiri mwenyewe alivyotaka ukali, na katika sikukuu iliongezwa bila kipimo.

Kinachotokea ndani ya chungu kinaweza kuelezwa kwa ufupi. Asali iliyoiva ina maji chini ya asilimia 20 na sukari kiasi cha asilimia 80, na kwa ukavu huo hamira, yaani vijidudu vya ukungu vinavyogeuza sukari kuwa kileo na hewa ya ukaa, haiwezi kufanya kazi, ndiyo maana asali hukaa miaka bila kuharibika. Ikiongezewa maji, kizuizi hicho huondoka. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa takriban asilimia 1 ya kileo, kwa hiyo kilo 1 ya asali iliyochanganywa na maji hadi kufikia lita 10 inaweza kutoa pombe ya asilimia kati ya 4 na 5, sawa na bia ya kawaida ya chupa, na kilo hiyo hiyo katika lita 5 hutoa kinywaji chenye nguvu ya divai nyepesi. Hamira haikununuliwa, kwa kuwa ilikuwamo tayari katika chavua, katika masega na katika kuta za mtungi uliotumika mara ya mwisho, ambao kwa sababu hiyo haukusuguliwa sana. Lakini asali safi ina upungufu mmoja unaowasumbua hata watengenezaji wa Ulaya wa leo, nao ni kwamba haina naitrojeni ya kutosha, na hamira isiyo na naitrojeni huenda polepole na mara nyingine hukwama kabla sukari haijaisha. Masega yenye chavua na majana, ambayo mnunuzi wa asali ya mezani angeyatupa, ndiyo yaliyokuwa na lishe hiyo. Mpishi aliyeacha uchafu wa masega ndani ya chungu kwa hiyo hakuwa mzembe. Alikuwa anafanya kile ambacho kiwanda hukifanya kwa kununua unga wa chumvi za lishe.

Njia nyingine ya kuipa hamira chakula ni nafaka, na hapo pombe ya asali inakutana na pombe ya kawaida ya nchi hiyo. Uwele na mtama vilikuwa nafaka za zamani za Walunda na Wandembu, kabla muhogo, ulioletwa kutoka Amerika kupitia Angola, haujatwaa mashamba mengi, na kabla mahindi hayajaenea. Kimea, yaani nafaka iliyoloekwa hadi ikaota, ikaanikwa na kutwangwa, kina vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na uji uliochanganywa nacho huchacha baada ya siku chache. Katika sehemu nyingi za Katanga kazi hiyo hufanywa pia na munkoyo, mizizi ya mimea ya jamii ya kunde ambayo hupondwa na kutiwa katika uji wa mahindi, nayo imekipa jina kinywaji chenyewe, ambacho siku ya kwanza ni chepesi na cha kuburudisha tu. Asali ikitiwa katika uji wa namna hiyo, kila kimoja hukisaidia kingine: nafaka huleta mwili na lishe ya hamira, na asali huleta sukari isiyohitaji kuvunjwa. Matokeo yake ni pombe nzito kidogo, yenye povu na uchachu, ambayo kwa asali ile ile hujaza mitungi mingi zaidi. Mchanganyiko huo uliunganisha kazi za pande mbili za nyumba, kwa kuwa mizinga na ukweaji wa miti vilikuwa vya wanaume, na shamba, kinu na kimea vilikuwa mikononi mwa wanawake. Pombe ya asali tupu mwanamume angeweza kuitengeneza bila kumtegemea mtu. Ile ya asali na nafaka ilihitaji ndoa yenye amani, au angalau mapatano.

Hali ya hewa nayo ilikuwa na sauti yake. Katika mwezi wa sita na wa saba usiku wa uwanda huo ni wa baridi, na chungu kilichokaa nje kinaweza kulala bila kuchemka, ndiyo sababu mtungi huwekwa karibu na moto au hufunikwa ndani ya nyumba. Wakati wa joto siku tatu hadi saba hutosha, na baada ya hapo pombe huelekea kuwa siki, kwa hiyo hainywewi kwa akiba. Anayepika huita watu. Kwa njia hiyo pombe ililipia kazi ya kulima na kujenga, ilituliza wenye kesi, na ilikuwapo katika matambiko ya wawindaji na katika mukanda, yaani jando la wavulana. Victor Turner, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyekaa miongoni mwa Wandembu wa Mwinilunga, ng'ambo ya mpaka wa kusini, kati ya mwaka 1950 na 1954, ameacha maelezo mengi ya mikusanyiko ya namna hiyo, na ndani yake pombe ya asali inatajwa kama kitu cha kawaida, kisichohitaji kushangaliwa.

Ukanda wa mashariki ulikuwa na jambo linalofanana. Wanyamwezi wa Tabora nao walitundika mizinga ya magome katika miyombo yao na kuuza nta pwani ya Waswahili, na katika karne ya 19 baadhi yao, wakijulikana kama Wayeke, walifika Katanga na kuanzisha chini ya Msiri dola la Garenganze lililokuwa na makao yake Bunkeya. Tanzania ya leo ina pombe ya asali iitwayo wanzuki, na Wakikuyu na majirani zao wa Kenya wana muratina, ambayo huchachuliwa kwa msaada wa matunda makavu ya mti wa mwegea. Tofauti ni kwamba Bunkeya ilitazama bahari mbili, Hindi na Atlantiki, hali nchi ya Kasaji ilitazama machweo tu.

Baada ya mwaka 1870 mpira wa porini uliipita nta kwa thamani, na Wachokwe walioukusanya walizidi kusonga katika nchi ya Walunda hadi wakauvamia musumba, yaani makao makuu ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, katika miaka ya 1880. Ndugu wawili wa kifalme, Kawele na Mushidi, waliwarudisha nyuma mwaka 1898, wakati ambapo Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II lilikwisha kudai nchi yote. Bei ya mpira wa porini iliporomoka mwaka 1913 kwa sababu ya mashamba ya Asia. Mizinga haikuporomoka nayo, kwa kuwa iligharimu jasho tu.

Kwa upande wa dini, ujirani wa mizinga na kanisa ulikuwa wa kushangaza kidogo. Frederick Stanley Arnot, mmisionari wa Brethren aliyetoka Benguela kwa njia ya misafara na kufika Bunkeya mwaka 1886, alifungua mlango kwa ujumbe wa Garenganze, ambao baadaye uliweka kituo Kasaji pia na ambao uliwataka waumini waache pombe kabisa, iwe ya nafaka au ya asali. Wakatoliki walikuwa na ukali mdogo zaidi katika jambo hilo, na altare zao zilihitaji mishumaa ya nta. Nyuki wa Lualaba walizitumikia dini zote mbili kwa usawa, moja kwa mwanga na nyingine kwa kishawishi.

Sheria za ukoloni ziliigusa pombe ya asali kwa mbali. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ililenga vinywaji vilivyokenekwa, yaani vile vinavyopatikana kwa kuvukiza pombe na kuukusanya mvuke wake, na ndiyo maana utengenezaji wa pombe kali kwa Waafrika ulikatazwa, huku pombe za kuchacha zikiachwa chini ya usimamizi wa wakuu wa maeneo. Katika kambi za Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi iliyoanzishwa mwaka 1906, upikaji wa nyumbani ulitazamwa kwa jicho baya, kwa kuwa kampuni ilitaka wafanyakazi waamke wakiwa wazima. Lakini kilichoibadilisha hali ya Kasaji zaidi ya sheria yoyote kilikuwa reli. Reli ya Benguela, iliyoanza kujengwa Lobito mwaka 1903 kwa juhudi za Mskoti Robert Williams, ilifika mpakani mwaka 1929, na mwaka 1931 ikaunganishwa na Tenke kupitia Dilolo, Kasaji na Mutshatsha. Mwishoni mwa muongo huo mji wa Kolwezi ulikuwa unakua, ukihitaji unga wa mahindi na muhogo kwa ajili ya maelfu ya wachimbaji, na kijana ambaye babu yake alibeba nta kwa miezi hadi Bihe aliweza sasa kupanda treni na kuuza nguvu zake mgodini.

Treni zilileta pia washindani wa chungu cha asali. Bia ya Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, ilikuwa imeanza kutengenezwa katika miaka ya 1920, na chupa ya Simba ikawa alama ya mtu mwenye mshahara. Upande wa pili wa mizani ulikuwa na lutuku, pombe kali ya kukeneka ya mahindi au muhogo, ndugu wa gongo ya Tanzania na chang'aa ya Kenya, iliyopikwa kwa siri na kuuzwa kwa kipimo kidogo. Kati ya hizo mbili pombe ya asali ilijikuta haina mahali. Mwenye fedha alikunywa chupa, na asiye nazo alilewa haraka zaidi kwa lutuku. Pombe ya asali, inayohitaji watu kukusanyika siku ile ile iliyoiva, haikufaa ratiba ya zamu za mgodi, na asali yenyewe ilipata wanunuzi mjini waliolipa fedha taslimu kwa ajili ya chai na dawa ya kifua. Hapo uhusiano wa zamani uligeuka, kwa kuwa asali sasa ilisafiri kwa treni na gari, na nta ndiyo iliyozidi kutupwa. Pombe iliyokuwa bidhaa ya ziada ikaanza kuwa gharama.

Wapishi walijibu kama wapishi wote wa Afrika ya Mashariki walivyojibu, yaani kwa kupunguza asali na kuongeza sukari ya dukani. Kilo 1 ya sukari hutoa kileo kingi kidogo kuliko kilo 1 ya asali, haihitaji kupanda mti, na haina nyuki. Wanzuki ya miji mingi ya Tanzania imepita njia hiyo hiyo, na kwa maoni ya wengi walioijua ya zamani, ilichopoteza ni harufu ya maua na ule uchungu mdogo wa chavua, ambavyo sukari haiwezi kuvirudisha. Vita vilirudisha nyuma mabadiliko hayo kwa muda. Reli ya Benguela ilifungwa mwaka 1975 Angola ilipoingia katika mapigano ya ndani, na tarehe 8 Machi 1977 askari wa kundi la waasi la FLNC, ambao wengi wao walikuwa wanajeshi wa zamani wa Katanga waliokimbilia Angola, walivuka mpaka na kuyafanya maeneo ya Dilolo, Kasaji na Mutshatsha kuwa uwanja wa vita; mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, waliishambulia Kolwezi yenyewe. Watu wengi walikimbilia porini na ng'ambo ya mpaka. Mahali ambapo duka limefungwa na treni haiji, mzinga wa gome huwa ndio duka.

Leo Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba, lililoundwa mwaka 2015, na ni moyo wa nchi inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Mkaa wa kupikia wa mji huo hutoka katika misitu ile ile ya miyombo, na shimo jipya la mgodi haliachi mti. Mzinga wa gome nao una lawama yake, kwa maana mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina hufa, ingawa hasara hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya tanuri la mkaa, na mwenye mizinga huwa na sababu ya kuulinda msitu ambayo mchoma mkaa hana. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya za Kabompo na Mwinilunga za Zambia, wanamoishi ndugu wa watu wa Kasaji kwa lugha na kwa ukoo, asali ya mizinga ya magome imekuwa ikikusanywa na kuuzwa Ulaya kwa miaka mingi kama asali ya msitu isiyoguswa na dawa za kilimo. Mrinaji wa huko ameongeza kipato, na bila shaka asali inayopelekwa Ulaya haipikwi pombe. Kasaji bado haijaingia kikamilifu katika biashara hiyo, lakini Reli ya Benguela imefufuliwa, na shaba ya Katanga imeanza tena kushuka kwenda Lobito. Siku wanunuzi watakapoifuata asali kwa treni hiyo, pombe ya asali tupu itakuwa anasa katika nchi iliyoizoea kama kinywaji cha mtu wa kawaida.

Watafiti wanaokwenda Dilolo, Sandoa na Mutshatsha kukusanya habari za Mwant Yav na za vita vya Wachokwe wangefanya vema kuuliza pia juu ya chungu cha nta: ni nani aliyekichemsha, maji yake yalipewa nani, asali iliongezwa kwa kipimo gani, na mkate wa nta ulibadilishwa na nguo ya urefu gani. Maswali hayo yaulizwe mapema, kwa kuwa waliosikia majibu yake kutoka vinywani mwa wapagazi wenyewe ni wazee sana sasa.